Simu Ndogo ya Zamani: Inamfaa Nani, na Ikaguliwe Vipi Kabla ya Kununua

"Mama, hiyo imeshapitwa. Chukua hii, kioo kikubwa, kamera tatu, chaji unasahau."

"Mwanangu, mimi nataka inayoingia hapa," anajibu mteja, mkono ukiwa kwenye pindo la kanga kiunoni.

Mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida kwenye maduka ya simu ya Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe mjini, na mara nyingi mwenye duka ndiye hushinda. Mteja anaondoka na simu pana kuliko kiganja chake, pengine kwa mkopo wa kulipa kila siku, huku simu yake ya zamani, ambayo shida yake ilikuwa betri tu, ikiachwa kabatini. Makala haya yanasimama upande wa mteja. Kwa watu wengi wa Kibaha na Kisarawe, simu ndogo yenye umri wa miaka minne au mitano, ikiwa nzima na ikichaguliwa kwa uangalifu, inamaliza kazi zao zote, na fedha inayobaki haikosi shughuli. Ila si kila simu ndogo ya zamani inafaa kununuliwa. Zipo zinazong'aa kama mpya na bado ni hasara tupu, na tofauti kati ya hizo na zile nzuri huwezi kuiona kwa kutazama kava.

Kwanza tuelewe kwa nini udogo na uzee vinakwenda pamoja. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Samsung ilipotoa Galaxy Note mwaka 2011 ikiwa na inchi 5.3, wengi waliiona kubwa kupita kiasi. Leo simu nyingi za Tecno, Infinix, Itel na Samsung zilizopangwa madukani zina inchi 6.5 na kuendelea. Apple ilijaribu kurudisha simu ndogo kwa iPhone 12 mini ya mwaka 2020 na 13 mini ya mwaka 2021, zote za inchi 5.4, kisha ikaziacha. Februari 2025 ikaacha pia iPhone SE ya inchi 4.7 na kuleta mahali pake simu ya inchi 6.1. Kwa hiyo anayetaka simu janja ndogo iliyo nzuri, karibu kila mara itabidi atafute iliyotoka miaka kadhaa nyuma.

Unapolinganisha, usidanganyike na inchi. Inchi hupimwa kutoka kona moja ya kioo hadi kona ya pili kwa mshazari, kwa hiyo simu nyembamba na ndefu inaweza kuwa na inchi nyingi na bado ikashikika. Kinachoamua kama kidole gumba kitafika upande wa pili ni upana. iPhone SE ya mwaka 2016 ina upana wa milimita 58.6 na uzito wa gramu 113. iPhone 13 mini ina milimita 64.2, na Galaxy S10e ya mwaka 2019 ina milimita 69.9. Galaxy S24 Ultra ina milimita 79 na gramu 232, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wa ile SE. Ukiwa dukani, ishike simu kwa mkono mmoja, kisha jaribu kugusa kona ya juu iliyo mbali na kidole gumba bila kuihamisha kiganjani. Usipofika, ujue utakuwa unaitumia kwa mikono miwili maisha yake yote.

Nani inamfaa

Dereva wa bodaboda wa Picha ya Ndege hupokea simu za wateja siku nzima. Simu inayoingia mfuko wa shati ukafungwa kifungo haimtoki anaporuka matuta. Anayepanda daladala ya Kisarawe kwenda Gongo la Mboto, au ya Kibaha kwenda Mbezi, husafiri amesimama, mkono mmoja kwenye bomba, na simu anayoweza kuitumia kwa mkono uliobaki ndiyo simu kwake. Simu kubwa mkononi karibu na dirisha ni mwaliko kwa vibaka, hasa gari linapopunguza mwendo kituoni. Mkulima wa Maneromango anayeshinda chini ya mikorosho, mama anayetembeza matunda Mlandizi, kibarua wa viwanda vya Zegereni ambaye simu yake hukaa mfukoni zamu nzima: hawa wote wanahitaji kitu kidogo kisichopasuka kirahisi wala kuchomoza mfukoni. Kioo kikubwa kina eneo kubwa la kupasuka, na kwa kawaida bei ya kukibadilisha nayo ni kubwa.

Kwa upande wa pesa, simu mpya haikuongezei kitu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, wakati wengi wetu tulikuwa na kitochi, na menyu yake ya *150*00# bado inafanya kazi kwenye simu ya aina yoyote. Ndivyo ilivyo kwa Mixx by Yas, zamani Tigo Pesa, kwa *150*01#, Airtel Money kwa *150*60# na HaloPesa kwa *150*88#. Menyu hizi hazihitaji bando wala mfumo mpya wa simu. Wakala wa Msanga na wakala wa Kwala wanahudumia mteja mwenye simu ya laki nane na mwenye kitochi kwa njia ileile.

Sasa upande wa pili, maana ushauri usiosema ukweli wote ni hasara kwa msomaji. Mwanafunzi anayesomea vitabu kwenye simu aachwe na kioo kikubwa. Kusoma kurasa za kitabu kwenye inchi 4.7 ni kuyachosha macho. Anayeuza bidhaa kwa video, mwalimu anayeandaa maswali kwenye simu, na yeyote ambaye simu ndiyo kompyuta yake, anahitaji nafasi. Mzee ambaye macho yamepungua anaweza kukuziwa maandishi kwenye mipangilio, na wengi huridhika hivyo, ila kwenye kioo kidogo maneno machache tu ndiyo yataenea kwa wakati mmoja. Na anayeishi kijiji kisicho na umeme wa uhakika alifikirie sana suala la betri, ambalo tutalifikia.

Toleo la mfumo: hapa ndipo wengi wanapoumia

Simu ina sehemu mbili: chombo unachokishika, na mfumo unaokiendesha, ambao ni Android au iOS. Chombo kinaweza kudumu miaka kumi. Mfumo hutegemea mtengenezaji aendelee kutuma masasisho, na ipo siku huacha. Baada ya hapo simu inaendelea kuwaka, kupiga na kupokea kama jana, lakini programu moja moja zinaanza kuikataa.

Chukua WhatsApp, ambayo kwa wengi ndiyo sababu ya kununua simu janja. Tangu tarehe 5 Mei 2025 inahitaji iOS 15.1 au zaidi kwenye iPhone. iPhone 5s na iPhone 6 ni ndogo, nzuri kwa macho, na bei yake ni ya kuvutia, lakini zote zinaishia iOS 12. Ukinunua mojawapo leo kwa ajili ya WhatsApp, umenunua kioo cha kujitazama. iPhone 6s, iPhone 7 na ile SE ya mwaka 2016 zinaishia iOS 15, kwa hiyo ziko ukingoni. Ukiwa nayo itumie, lakini usitoe fedha mpya kuinunua. iPhone 8 inaishia iOS 16. Zilizo salama zaidi katika ukoo huu wa simu ndogo ni SE ya mwaka 2020, SE ya mwaka 2022, 12 mini na 13 mini, ambazo zote zimo kwenye orodha ya simu zilizopewa iOS 26 mwaka 2025.

Kwenye Android, WhatsApp iliachana na toleo la 4.4 Januari 2025 na kuhitaji 5.0 kwenda juu. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na si vizuri kununua kitu kilichokaa juu ya mstari wa mwisho. Ushauri wangu ni kuanzia Android 10. Galaxy S10e, inchi 5.8, ilifikishwa Android 12. Pixel 4a ya mwaka 2020, nayo inchi 5.8, ilifika Android 13. Galaxy S7 ya mwaka 2016, yenye inchi 5.1, ilikomea Android 8, na kwa hiyo naiweka kwenye kundi la "itumie kama unayo".

Kulijua toleo hakuhitaji fundi. Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, halafu tafuta maelezo ya programu au toleo la Android. Hapohapo kwenye Android kuna tarehe ya sasisho la usalama. Isome vizuri. Ikiwa inasema 2019, maana yake mianya yote iliyogunduliwa na kuzibwa kwenye simu nyingine tangu wakati huo, kwenye hiyo bado iko wazi. Simu kama hiyo itumie kwa kupiga, ujumbe, redio na picha, lakini usiiwekee programu ya benki. Shughuli za benki na pesa zifanye kwa menyu ya nyota na reli, na namba ya siri ibaki kichwani mwako, isiandikwe kwenye ujumbe wala nyuma ya kava.

Kuna dawa ya mtaani ambayo ni sumu. Simu ikikataa WhatsApp, kijana wa jirani anakuja na "GB WhatsApp" au faili lililotumwa kwenye kundi, anakuambia washa ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka la programu. Programu hizo hazitoki kwa wenye WhatsApp, akaunti yako inaweza kufungiwa, na hujui aliyezitengeneza anasoma nini kwenye ujumbe wako. Kwa simu yenye nguvu ndogo zipo njia halali: Facebook Lite, iliyotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya simu na mitandao ya namna hii, na Opera Mini ya kufungulia kurasa, ambayo hubana kurasa ili zile bando kidogo.

Betri

Betri ya simu ni ya lithiamu, na huzeeka kwa njia mbili: kwa kuchajiwa mara nyingi na kwa joto. Apple hueleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 500 ya chaji. Kwa anayechaji kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Kampuni hiyohiyo inashauri simu itumike mahali penye nyuzi joto 0 hadi 35. Simu iliyoachwa juani kwenye meza ya mama lishe, au ndani ya gari lililofungwa, hupita kiwango hicho upesi. Kwa hiyo ukinunua simu ya mwaka 2020 yenye betri yake ya kiwandani, chukulia kwamba betri imechoka, na weka gharama ya kuibadilisha ndani ya bei. Hili peke yake litakusaidia kupatana bei.

Udogo nao una gharama yake. Betri ya iPhone SE ya mwaka 2016 ni mAh 1,624, na ya S10e ni mAh 3,100, ilhali simu nyingi kubwa za bei nafuu zina mAh 5,000. Kioo kidogo hula umeme kidogo, hilo ni kweli, lakini haliwezi kufidia pengo lote. Mwenye simu ndogo awe na betri ya akiba, au awe na mazoea ya kuchaji mchana mahali anapofanyia kazi.

Jambo ambalo wakazi wa Kisarawe wanalijua hata kama hawajaambiwa sababu yake: ukiwa kwenye mabonde ya upande wa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, au ukiingia ndani kuelekea Vikumburu, chaji hukimbia. Mnara ukiwa mbali au ukizuiwa na kilima, simu huongeza nguvu ya kutuma ili isikike, na ikikosa mtandao huendelea kuutafuta bila kupumzika. Pale ambapo 4G inakuja na kupotea, ingia mipangilio ya mtandao uchague 3G, au 2G kama unasubiri simu za kawaida tu. Pale ambapo hakuna mtandao kabisa, washa hali ya ndegeni mpaka utoke. Kwa betri ya zamani, hatua hii moja inaweza kuwa tofauti kati ya kufika jioni na kuzimika saa nane mchana.

Kubadilisha betri ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mzuri, na inafaa usimame uangalie. Kwenye simu kama Galaxy J2 Prime ya mwaka 2016 hakuna kazi: kifuniko cha nyuma kinafunguka kwa ukucha, betri inatolewa, mpya inaingia. Kwenye nyingi za baadaye, fundi hupasha kingo moto taratibu hadi gundi ilegee, hupitisha kipande chembamba cha plastiki kuzunguka, kisha hutenganisha waya bapa kabla ya kugusa betri yenyewe. Betri imeshikwa chini kwa gundi. Hapo ndipo fundi anajulikana: anayeing'oa kwa bisibisi ya chuma anaweza kuikunja au kuitoboa, na betri ya lithiamu iliyotobolewa hushika moto. Mwombe atumie plastiki, na asiwe na haraka. Betri mpya itazame: isiwe imevimba hata kidogo, na chapa isiwe imefutika. Ukishalipa, chaji hadi mwisho, tumia kwa siku nzima. Ikiruka kutoka asilimia 40 hadi 15 ghafla, rudi kwa fundi na risiti yako.

Simu ambayo kioo kimeinuka pembeni au mgongo umetuna, betri yake imevimba. Usiibonyeze, usiichaji tena, usilale nayo kitandani. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Laini na mtandao

Wengi wetu tuna laini mbili au tatu. Simu kubwa za madukani karibu zote zina nafasi mbili za laini; simu ndogo za zamani nyingi, hasa iPhone hizi na baadhi ya Samsung zilizotoka nje, zina nafasi moja. Uliza kabla ya kulipa. Suluhisho ambalo watu wengi wa Pwani wameshalipata wenyewe ni simu ndogo janja kwa laini ya bando, na kitochi kwa laini ya pili. Kitochi kinakaa na chaji siku nyingi, na siku simu janja ikiibiwa, namba nyingine iko salama.

Simu zilizoletwa kutoka nje zina mitego miwili. Wa kwanza ni simu kufungwa kwa mtandao wa kampuni ya huko. Ukiweka laini ya hapa inaomba namba ya kufungulia. Wa pili ni mpya zaidi: iPhone 14 na zilizofuata, zile zilizouzwa Marekani, hazina tundu la laini kabisa. Hapa simu ya zamani ina faida ya wazi. Kwa mitego yote miwili dawa ni moja: nenda dukani na laini yako, iweke, piga simu, tuma ujumbe, washa data na uone alama ya 4G ikitokea. Usikubali kuambiwa "itakubali tu ukifika nyumbani".

Ukiwa kwenye shughuli hiyo, piga *106# ukague namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tangu hapo wapo watu wanaokuta namba wasizozijua chini ya majina yao. Ukikuta moja, nenda duka la mtandao husika uikane.

Kabla ya kutoa fedha

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Kilichotumika kuzitambua ni namba ya IMEI, tarakimu 15 za utambulisho ambazo kila simu inazo. Namba hiyo ndiyo ulinzi wako wa kwanza unaponunua simu ya mtumba, iwe Kariakoo mtaa wa Aggrey, iwe kwa jirani yako wa Tumbi. Piga *#06# na namba itatokea kwenye kioo. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, au kwenye kisahani cha laini, au kwenye Kuhusu simu. Kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, na majibu yatakuambia ni simu ya aina gani. Kama umeshika Samsung na majibu yanataja jina lingine, rudisha simu, chukua fedha zako, ondoka. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, EPOCA, ya mwaka 2010, kwa hiyo simu ya namna hiyo inaweza kukutia matatani hata kama wewe hukuhusika.

Kufuli la akaunti ni jambo la pili, na limewaacha watu wengi na simu wasizoweza kuzitumia. iPhone tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na Android tangu 5.1, hufungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Ukiifuta kila kitu, simu huuliza akaunti ya mwanzo. Hivyo mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, aifute simu, iwake upya, nawe uweke akaunti yako mwenyewe mkiwa bado mmesimama pamoja. Anayesema "nimesahau nywila, fundi atakutolea" anauza simu isiyokuwa yake, au asiyojua ni ya nani.

Halafu ijaribu kwa mikono. Kwenye Samsung, piga *#0*# na menyu ya majaribio itafunguka: rangi za kioo, mguso, spika, kamera. Buruta kidole juu ya kioo chote uone kama kuna sehemu haisikii. Piga simu uisikilize bila spika ya nje, chomeka chaja, chomeka hedifoni. Simu nyingi za Android za zamani zina redio ya FM inayotumia waya wa hedifoni kama antena, na hiyo ni redio isiyokula bando hata senti moja; kwa msikilizaji wa mpira na taarifa ya habari, ni sababu tosha ya kuichagua. Kwenye iPhone redio hiyo haipo, ila kuna afya ya betri kwenye mipangilio: ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu betri mpya.

Dai risiti yenye IMEI ndani yake. Siku simu ikiibiwa, utaihitaji kituo cha polisi ili upate RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, na kwa RB hiyo mtandao wako unaweza kuizuia simu isitumike.

Nafasi ya ndani isikutishe. Simu ya GB 32 inatosha kwa WhatsApp na picha za familia, mradi uzuie WhatsApp isijishushie yenyewe kila video ya kila kundi. Ingia mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama za kupakua zenyewe. Picha za zamani zihamishie kwenye memori kadi kama simu ina nafasi yake. S10e na J2 Prime zinayo, iPhone na Pixel hazina.

Kwa aliye na simu ndogo tayari

Kama simu yako inapokea WhatsApp bila kulalamika, inashika mtandao, na tatizo lake ni chaji au kioo kilichopasuka, itengeneze kwanza. Hesabu gharama ya fundi, linganisha na jumla ya mkopo wa simu mpya hadi siku ya mwisho, si na kile kiasi kidogo unachotajiwa kwa siku. Simu za mkopo hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa, na mtu ambaye kazi yake yote inapitia simu hapaswi kuweka kazi hiyo chini ya kufuli la mtu mwingine kwa sababu tu ya kioo kipana.

Na siku ikifika ya kuachana nayo kweli, usiichome na takataka wala kuitupa shimoni. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwenye betri na ndani ya simu mna kemikali ambazo hazitakiwi kuingia kwenye maji ya kisima. Toa laini na memori kadi, ondoa akaunti yako, futa kila kitu, kisha mpe fundi. Vioo, spika na skrubu zake zitaokoa simu ya mtu mwingine. Betri mbovu ifunge ncha zake kwa utepe wa gundi, iweke mbali na watoto, umkabidhi fundi huyohuyo akiwa anazikusanya.

Jumamosi ukienda kutafuta simu, beba laini yako, chaja na hedifoni, na mtu mmoja unayemwamini. Muuzaji akikataa usiwashe, usipige *#06# au usiweke laini, toka dukani kwake uende la jirani.